Kina cha Zidaka

Kililana, 14 Januari 2025

Kwako mwenye jina la Kidaka,

Hunijui, nami sikujui zaidi ya jina hilo unalotumia mtandaoni. Naitwa Nkatha, mzaliwa wa Maua, afisa kilimo hapa Kililana, Lamu, huu mwaka wa tatu. Nakuandikia kuhusu vile vitu thelathini na kimoja ulivyoutengenezea mchezo wa Makao: milango, vitanda, viti, na ule ukuta wa zidaka.

Nimecheza Makao tangu nikiwa chuoni. Nimejenga nyumba nyingi humo, nikapakua vitu vya watu wa kila pembe ya dunia, wanaovitengeneza kwa mapenzi tu na kuwagawia wenzao bure. Sijaona mkono kama wako. Kitanda chako kina kamba zilizosukwa, na mahali pa kulala kamba zimelegea kidogo, kama kitanda kilicholaliwa miaka mingi. Nani hufikiria jambo kama hilo? Na ule ukuta! Vishubaka sitini na vitatu vya chokaa, safu saba za tisa tisa. Nimewahi kukaa mbele yake saa nzima bila kujenga chochote, nikiutazama tu.

Bila shaka umesikia kwamba Makao ya kwanza yanafungwa tarehe 30 Juni. Baada ya hapo hayatafunguka tena kwenye mashine ya mtu yeyote. Na Makao ya Pili hayavipokei vitu vya zamani. Kila kimoja lazima kifunguliwe, kijengwe upya kwa ndani, kivalishwe rangi upya. Kazi hiyo nimejifundisha. Naomba ruhusa nivihamishe vyako, kwa jina lako. Nimeambatisha kimoja ukionje: ile mbuzi ya kukunia nazi.

Ukurasa wako umeuandika kwa Kiingereza kitupu, kwa hiyo nadhani unaishi ng'ambo. Popote ulipo, salamu kutoka nyumbani.

Nkatha


2 Februari 2025

Bi Nkatha,

Salaam. Asante kwa maneno yako mazuri. Jibu langu ni hapana. Viache vife na mchezo wao. Kila kitu kina siku yake.

Ulimi wa mbuzi umeuinamisha. Mtu akikaa kukuna namna hiyo, nazi itateleza imuumize goti. Ulimi hutazama mbele, ukainuka kidogo nchani kama mtu anayetaka kusema neno. Na mbao zake hazipigwi misumari. Ubao mmoja hupita ndani ya mwenzake ili mbuzi ikunjike.

Kidaka


Kililana, 5 Februari 2025

Mpendwa Kidaka,

Nimeupokea uamuzi wako na sitagusa kitu kingine. Ila mbuzi nimeirekebisha, maana sikuweza kutulia nikijua kuna goti la mtu hatarini. Sasa inakunjika. Naituma, kisha nitanyamaza.

Kabla ya kunyamaza, naomba nikueleze kwa nini niliomba. Nilipoletwa hapa sikuwa namjua mtu. Mwezi wangu wa kwanza nyati waliingia kwenye shamba la mfano nililolipanda kunde kwa mikono yangu, wakalimaliza lote. Wakulima walikuja kuangalia, mzee mmoja akaniambia, "Bibi shamba, umepika, wageni wamekula." Walicheka, nami nikacheka nao, halafu nikaingia ndani nikafungua kompyuta, nikajenga nyumba kwa vitu vyako.

Ofisi hunituma Lamu mjini mara mbili kwa mwezi. Napita vichochoroni, naona milango, nasalimiwa vizuri, naitikia. Sijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hata moja. Si kosa la mtu. Mgeni hajipeleki ndani. Lakini ina maana kwamba ndani pekee ya Lamu ninayoijua ni ile uliyoijenga wewe. Ikifungwa Juni, nami nitabaki nje.

Basi, hiyo ndiyo sababu. Ubarikiwe.

Nkatha


9 Februari 2025

Bi Nkatha,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mbuzi sasa ni mbuzi.

Chukua vitu thelathini. Faili zake za asili nimekutumia zote. Ukuta usiuguse. Ule wa kweli ulishavunjwa na mwenye nyumba, mtu asiyejua thamani yake, kama nilivyoandika kwenye ukurasa wangu. Sitaki kuuona ukisimama tena mahali pengine kana kwamba hakuna lililotokea.

Jambo moja la kazi. Kwenye Makao ya kwanza jua halikuwa na mwendo. Kivuli hakikuwepo ila kile ulichokipaka kwa mkono wako. Kwa hiyo vitu vyangu vyote ni bapa kama kadi. Ukiona shimo, ni rangi. Huko kwenye Makao ya Pili jua linatembea. Jihadhari.

Jina langu ni Huwaida. Kidaka niite mbele za watu.

Huwaida


Kililana, 2 Machi 2025

Bi Huwaida,

Ulinitahadharisha na bado nilianguka. Mlango mkubwa niliupeleka kama ulivyo. Asubuhi ya mchezoni ikafika, jua likachomoza, kivuli cha kweli kikaenda kulia na kile ulichokipaka kikabaki kushoto. Mlango ukawa na vivuli viwili, kana kwamba kuna jua jingine limejificha nyuma yangu. Ikabidi nioshe rangi yote, kisha nichonge ua moja moja, petali kwa petali, ili jua lipate mahali pa kuingia na kutokea. Wiki mbili kwa mlango mmoja.

Lakini wiki mbili hizo ndizo zilizonionyesha wewe ni nani. Waridi la tatu kutoka chini lina petali moja fupi. Nilidhani umekosea. Nikaikuza picha, nikaona umeifupisha ili ipishe kichwa cha msumari. Niliweka kipanya chini nikapiga makofi peke yangu chumbani. Sasa mlango uko tayari, na vitanda, na viti vyote vya kusukwa. Vimebaki kumi na vinne.

Nina la kuungama. Jumapili iliyopita baada ya kanisa niliufungua ukuta. Najua ulinikataza. Nilitaka kuutazama tu, nione umeundwaje. Nimeufunga, sijauhamisha, lakini kuna jambo limekataa kunitoka. Safu tatu za chini, mwanga wake unatoka kushoto. Safu nne za juu, unatoka kulia. Mtu aliyeifupisha petali ili ipishe msumari hawezi kukosea kivuli cha safu nne nzima. Kwa nini?

Nisamehe kwa yote mawili, kufungua na kuuliza.

Nkatha


Wiyoni, Lamu, 4 Machi 2025

Nkatha,

Nilikasirika. Nilifunga duka langu la kuchapa mapema nikaenda nyumbani kukuandikia barua mbaya. Nimeichana. Katika watu wote walioupakua ukuta ule miaka sita, hakuna aliyeona.

Safu tatu za chini nilizipaka kutoka kwenye picha niliyoipiga. Safu nne za juu nilizipaka kutoka kichwani, kwa sababu siku ya kupiga picha hazikuwepo. Kichwani mwangu nauona ukuta ule nikiwa mtoto, nimelala kitandani kwa mama, taa ya chemli ikiwa kuliani kwangu. Ndiyo maana.

Nyumba ni ya mama yetu, iko Mkomani. Alipofariki, dada yangu Mahfudha alibaki humo na watoto wake. Mimi nilikuwa Mombasa nikisomea kompyuta. Nikarudi mwaka 2019, nikaingia hadi chumba cha ndani na mkoba wangu begani. Juu, zidaka hazipo. Ukuta umepakwa chokaa tupu, mweupe kama yai.

"Dada, zidaka ziko wapi?"

"Nimeziteremsha."

"Umezivunja!"

"Nimeziteremsha," akarudia, polepole, kama anazungumza na mtoto.

Nikamwambia mama angekuwa hai asingethubutu. Nikapiga picha ya zilizobaki, nikatoka. Ukuta niliujenga kwenye Makao kwa hasira tupu, halafu nikaandika yale maneno kuhusu mwenye nyumba asiyejua thamani. Baadaye nikasikia binti yake, Israa, alimsomea.

Siko ng'ambo. Niko Wiyoni. Kutoka hapa hadi mlango wa Mahfudha ni robo saa kwa miguu, na nina miaka sita sijaenda. Tukikutana arusini, yeye hukaa upande huu nami upande ule.

Sasa umejua kivuli kimegeukia wapi.

Huwaida


Kililana, 6 Machi 2025

Bi Huwaida,

Wiyoni! Alhamisi iliyopita nilikunywa chai mwendo wa dakika tano kutoka hapo.

Sitakuambia la kufanya na dada yako. Mimi ni mdogo kwako, na mgeni. Nitasema la kazi tu. Ukuta hauhamishiki kwa rangi peke yake. Nahitaji kina cha kila safu, unene wa kingo, na upana mdomoni na nyuma, na siwezi kuvibuni. Nikibuni, jua la Makao ya Pili litaniumbua asubuhi ya kwanza. Ama ukuta tuuache, ama mtu asimame mbele yake na rula.

Na neno moja ambalo labda si kitu. Mimi husoma faili za watu, nimezoea kuangalia kilichoandikwa mara mbili. Dada yako alisema "nimeziteremsha" mara mbili. Hakusema nimezivunja. Sisi huku tukisema gunia limeteremshwa, maana yake liko chini mahali fulani.

Nkatha


Kililana, 12 Mei 2025

Bi Huwaida,

Miezi miwili sasa bila neno lako. Huenda nilivuka mpaka. Kama ni hivyo, niwie radhi.

Vitu vyako thelathini vyote viko Makao ya Pili tangu wiki jana. Watu wamevipokea kama mvua. Mama mmoja wa Chile ameandika kwamba hajui kitanda hicho ni cha nchi gani, lakini anataka kukilalia. Kijana mwingine amechora duara kuzunguka kile kichwa cha msumari na kuandika, "Tazameni hapa!" Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyepiga makofi.

Huku barabara imekatika kwa mvua, nafika mashambani kwa miguu. Zimebaki siku arubaini na tisa.

Nkatha


Mkomani, Lamu, 29 Mei 2025

Mwanangu Nkatha,

Baada ya salamu. Hunijui, mimi nakuyua. Ndimi Mahfudha. Anayeandika ni binti yangu Israa, mimi nasema yeye anapiga, na nimemwambia asinigeuzie maneno yangu.

Jumanne baada ya alasiri nimesikia hodi. Nimefungua, Huwaida amesimama nde na rula ya skuli na daftari. Salamu hakutoa. Akanambia, "Nimekuya kupima."

Nikamwambia, "Pima."

Akaingia hata ndani, akapiga magoti, akapima safu tatu zile, moya baada ya moya, akiandika. Mimi nimesimama mlangoni, mikono nimeifunga. Alipokwisha hakuinuka. Akaniuliza, uso ameuelekeza ukutani, "Dada, ulipoziteremsha, uliziteremsha wapi?"

Mwanangu, suala hilo nimelingoja miaka sita. Nimeinua shuka ya kitanda nikamwonyesha. Makasha manane. Akafungua la kwanza, akafungua nguo, akaona kidaka. Akaketi tini, akalia hata Israa akakimbia kuleta mai ya kunywa.

Mwaka ule masika yaliingia kwa juu. Ukuta ukafura. Siku moya kipande kikaanguka juu ya mto wa kulalia wa Israa. Mwenyewe alikuwa skuli, alhamdulillahi. Fundi Husni akasema, "Bi Mahfudha, ama tuzikate kwa mkono, ama zianguke zenyewe." Tukazikata siku tisa, kwa kisu na kijiko, na kila kipande nikakifunga kwa leso za mama yetu. Nilitaka zikauke, kisha zirudi. Lakini Huwaida hakuniuliza, alinihukumu. Nami nikasema, mimi ndimi mkubwa, ataya mwenyewe mlangoni kwangu. Kibri changu na kibri chake, zote zimetoka tumbo moya.

Sasa sikiza, haya ndiyo unayoyataka. Safu ya tini, kina chake ni shibiri. Ukipanda, kila safu hupungua upana wa kidole, na mdomo wake huinamia tini kidogo. Fundi wa kae aliyua mtu ataketi tini akitazama juu, akazipanga zimpendeze yeye aliyeketi. Huwaida hakuyua hayo. Kwenye mashini yake alizifanya zote sawa. Alipoona akapiga paja, akateka kwa sauti, mato yangali na matozi ya kilio.

Na nyuma ya kila kipande mna alama za zidole za mtu aliyezifinyanga. Tumeweka zetu juu yake. Zake ni ndogo kuliko za Huwaida.

Ndoo hapa kwangu Jumamosi upime mwenyewe. Usile huko.

Mahfudha


Kililana, 22 Juni 2025

Bi Mahfudha na Bi Huwaida,

Shikamooni. Sijui niandike nini kwanza, kwa hiyo naanza na kazi.

Ukuta umekwisha. Zimebaki siku nane, na umekwisha.

Picha zile nilizopiga Jumamosi ile mliponivusha kizingiti, kila kipande mbele na nyuma, nimezitumia zote. Mlikuwa mmeniambia namba za mkaa alizoandika fundi Husni zimefutika kwenye makasha matano, na kwamba mpangilio wa vipande hivyo haujulikani tena. Kwenye kompyuta kipande hakina uzito wala hakivunjiki. Nilikijaribu kila kimoja kila mahali hadi kikakaa, ukingo ukakutana na ukingo, nusu ya ua ikapata nusu yake. Siku kumi na moja nilikuwa nikitoka shamba, naoga, nakaa. Cha mwisho kilipoingia nilipiga kelele, jirani yangu akaja kuuliza kama ni nyoka.

Bi Huwaida, nikaulinganisha na ukuta wako wa zamani. Safu zile nne ulizozipaka kwa kukumbuka tu, maua yake, mpangilio wake, idadi ya petali: umekosea mahali pamoja. Pamoja tu! Ulilala ukiutazama ukuta ule ukiwa mtoto na ulikuwa unausoma bila kujua. Nimekaa nikikufikiria, nikaona aibu kwamba nilijiita mjuzi kwa sababu nimejua kubadilisha faili.

Bi Mahfudha, na wewe siku tisa na kijiko. Mimi nikibomoa kitu nabonyeza kitufe kikarudi. Wewe hukuwa na kitufe. Nimejaribu kuhesabu mikono iliyonitangulia kwenye kazi hii, yule fundi wa kale, fundi Husni, ninyi wawili, na najiona kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe dakika mbili tu, akaogopa hata kupumua.

Asubuhi ya mchezoni nilisubiri jua. Lilianza na safu ya juu, kwa sababu kina chake ni kidogo, likashuka safu kwa safu. Kivuli kilikuwa kimoja.

Jambo la mwisho mtanicheka. Zile alama za vidole nimezichonga zote, nyuma, upande unaoegemea ukuta. Hakuna mchezaji atakayeziona. Wataalamu watasema nimejaza faili bure. Waseme.

Wenu,
Nkatha


Mkomani, Lamu, 9 Julai 2025

Nkatha, mdogo wangu,

Utauliza kwa nini naandika kutoka Mkomani. Nimelala hapa siku tano, kwa sababu kuna kazi.

Tarehe 30 tuliketi watatu, mimi, dada na Israa, tukafungua Makao ya kwanza kwa mara ya mwisho. Nilimpitisha Mahfudha ndani ya ile nyumba niliyoijenga kwa hasira. Tulipofika kitandani akasema, "Kamba umezilegeza." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Upande wa mama," na mimi sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote hilo. Saa ilipofika picha ikaganda, ikazima. Nilidhani nitalia. Mahfudha akauliza kama sasa anaweza kuona ya Nkatha.

Alikaa na ukuta wako hadi chai ikapoa. Alikuwa akilitembeza jua asubuhi hadi jioni, akilirudisha, akilitembeza tena. Kisha akaniambia nimwite fundi Husni.

Husni sasa ana miaka sabini na miwili. Alivaa miwani yake, akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akageuza ukuta wako nyuma na mbele. Aliposikia umezipanga bila namba, akauliza, "Huyu binti ni mwana wa fundi gani?" Nikamwambia ni bibi shamba wa Kililana, wa Maua. Akatikisa kichwa. "Basi hakufunzwa," akasema. "Hii ni tunu." Nimekuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu Husni hasifu mtu. Mimi hajanisifu bado.

Yale maneno niliyoandika kwenye ukurasa wangu nimeyafuta. Mahali pake nimeandika kwamba safu nne za juu zilihifadhiwa na Mahfudha. Israa alimsomea. Akasema Kiingereza changu kina makosa.

Leo asubuhi Husni amechanganya chokaa. Mahfudha ameketi kitandani, kompyuta mapajani, ukuta wako umefunguka mbele yake, akituelekeza. "Safu ya nne. Cha pili kutoka kulia. Si hicho, mwenzake. Kigeuze, tazama zidole." Husni akapaka chokaa ukutani, akapaka na nyuma ya kipande, juu ya zile alama, nami nikakibandika kwa viganja viwili. Akaniambia nisiondoe mkono hadi nihesabu mia tatu.

Nikaanza kuhesabu. Nilipofika thelathini Mahfudha akaanza kuhesabu nami, kwa sauti, bila kuondoa macho kwenye kioo. Chokaa ikanitiririka hadi kiwikoni. Mia mbili. Mia mbili na hamsini. Mia tatu.

Nikaondoa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kimeshika.

Huwaida